Mchoro na Picha

Asimamaye alfajiri ukingoni mwa Ziwa Babati huuona Mlima Kwaraha ukiwa mweusi upande wa mashariki, kisha jua huchomoza nyuma yake. Mchoraji aliye na karatasi mkononi hapo hana wasaa mrefu. Rangi ya maji hugeuka, mtumbwi hupita, kiboko aliyeinua kichwa huzama. Basi huchora upesi mistari michache na madoa ya rangi mawili matatu. Karatasi hiyo huichukua nyumbani, na huko, kwa siku nyingi, huikuza iwe picha kamili juu ya kitambaa kikubwa. Je, akiwa mbali na ziwa, ana ruhusa ya kubadili nini?

Wako wasemao kwamba hana ruhusa yoyote: jicho limeona, mkono hauna budi kutii. Rai hii ina heshima yake, walakini haitimiziki. Mchoro wa nusu saa hauna habari za kutosha kuijaza picha ya mwezi mzima. Aukuzaye bila ya kuongeza neno huyakuza na mapengo yake. Mwingereza John Constable aliifanya picha yake iitwayo The Hay Wain, ya mwaka 1821, katika chumba chake cha kazi London, kwa michoro aliyoichora kando ya mto Stour; tena alitangulia kufanya mchoro wa rangi wenye ukubwa kama wa picha yenyewe. Sam Ntiro wa Machame, aliyefariki mwaka 1993, alikwenda mbali zaidi: maisha ya Wachaga aliyachora kwa kumbukumbu. Hapana awezaye kuwaita watu hawa waongo.

Wengine husema kwamba picha ni mali ya mchoraji, na katika mali yake mtu hufanya apendavyo. Na hili lina ukweli kiasi. Mti ukisogezwa au wingu likipunguzwa, hadhulumiwi mtu. Lakini ziwa la Babati lina watu. Lina wavuvi na mashamba, na mji wa mapaa ya bati uko karibu. Mwaka 1990 lilipofurika, mji ndio ulioumia. Mchoraji akiviondoa vyote hivyo kwa kuwa mnunuzi apenda ziwa tupu, hakurekebisha mstari. Amewahamisha watu kwao kwa ncha ya brashi. Naye mtazamaji wa mbali ataamini kwamba nchi ile haina wenyewe.

Mchoro ni shahidi, na picha ni hukumu. Hakimu mwema huyapanga maneno ya shahidi, huyaacha ya upuuzi, na penye shaka humwita tena. Lakini hamtii maneno kinywani, wala hamnyamazishi kwa sababu ushahidi wake haumpendezi tajiri.

Kwa hiyo kipimo kipo, nacho si kigumu. Picha na irudishwe ufukweni, aonyeshwe mwenye mtumbwi. Akisema, "Mlima umeusogeza," hapana ubaya, pengine atacheka. Lakini akiuliza, "Na sisi tumekwenda wapi?" mchoraji na ajue kwamba kazi yake haijakwisha, hata kama rangi imekauka.