Geti Linalonifungukia

Yapo mambo madogo ambayo mtu huyafanya kwa ajili ya raha yake, akadhani yameishia hapo, kumbe ameanzisha mengine asiyoyatarajia. Langu mimi lilikuwa kufunga rimoti ya geti kwenye pikipiki. Msomaji asicheke mapema. Nami nilicheka mwanzoni.

Nakaa Dar es Salaam, katika ua mmoja wenye wapangaji wanne. Kwa miaka mingi geti la ua huo lilifunguliwa na mlinzi, mzee wa rika la baba yangu mdogo. Nikifika usiku nilipiga honi mara mbili, nikasikia kandambili zake zikiburuzika kwenye kokoto, kisha komeo likalia. Nilisema, “Shikamoo, mzee.” Akajibu, “Marahaba, mwanangu. Za huko?” “Salama tu.” Nikapita. Maneno hayo tuliyasema kila usiku, na kwa kuwa tuliyasema kila usiku sikuyahesabu kuwa kitu.

Kisha mwenye nyumba akaweka mota ya kuvuta geti, na kila mpangaji akapewa rimoti. Wenzangu wenye magari waliziweka karibu na usukani, mambo yakaisha. Lakini mwendesha pikipiki ataiweka wapi? Imo mfukoni, chini ya koti la mvua. Mkono wa kushoto umeshika klachi, wa kulia umeshika breki, na mvua inamwagika. Mara mbili niliiangusha kwenye tope. Mara ya tatu nikaipeleka kwa fundi.

Fundi yule alifanya kazi ya akili. Rimoti yenyewe ilitumia kibetri kidogo cha volti 12, na betri ya pikipiki nayo ni ya volti 12. Lakini injini ikiunguruma umeme hupanda hadi kama volti 14, kwa hiyo akaweka kidhibiti ili usiiunguze. Kitufe cha rimoti akakilehemu kibaki kimebonyezwa daima, kisha nyaya zake akaziunganisha na swichi ya kumulika taa ya mbele, ile tunayoitumia kumwashia dereva anayetujia. Tangu hapo nikimulika taa, rimoti hupata umeme, hutuma ishara yake, na geti hufunguka. Wala sihitaji kuachia usukani.

Alipomaliza alifuta mikono kwa tambara akasema, “Sasa, kaka, mwenye pikipiki ndiye mwenye nyumba.” Alisema kwa mzaha, lakini mzaha ule ulinifuata hadi nyumbani. Kwa hakika alikuwa amejitahidi kunikinga: waya ule haupati umeme mpaka pikipiki iwashwe kwa ufunguo. Nayo rimoti yenyewe si ya namna ile ya zamani, yenye viswichi vidogo vinane vya kupandisha na kushusha, ambavyo michanganyiko yake yote ni 256 tu. Hii hubadilisha namba yake kila inapotuma, na mota huitambua inayofuata, hivyo mtu hawezi kuinasa ishara ya leo akaitumia kesho. Lakini kinga zote hizo zinahakikisha jambo moja tu: kwamba rimoti hii ndiyo yenyewe. Nani ameishika, hazijui.

Wazee wetu walikuwa na neno moja la mlangoni: hodi. Mtu hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa hurudi alikotoka. Ukilitazama vizuri neno hili, halifungui mlango hata kidogo. Linampa mwenyeji nafasi ya kusikia sauti, kuitambua, na kuamua. Anayepiga hodi anakiri kwamba mlango si wake peke yake. Hata mwenye nyumba, akirudi safari, hupiga hodi ili asiwashtue waliomo. Rimoti haipigi hodi. Inaamuru.

Ndipo linapokuja swali langu. Je, ni vibaya kukiachia kifaa kazi ya kumtambua mtu?

Yupo atakayesema kwamba nalilia mambo ya kale, na hoja yake ina uzito. Raha yangu ya zamani ilikuwa na gharama, ila hakuigharimia aliyeifaidi. Aliyeigharimia ni mzee yule, kwa magoti yake, saa saba za usiku, katika mvua ileile iliyonifanya mimi nipige honi kwa pupa. Mota ilipowekwa, yeye ndiye aliyefurahi kuliko sisi sote. Mwenye kutaka mzee aendelee kusukuma chuma kizito ili yeye apate mtu wa kusalimiana naye, huyo hapendi utu, anapenda kutumikiwa. Sina neno juu ya hilo.

Tena mashine zinaweza kufundishwa huruma ya namna yake. Huko Marekani, ambako milango ya umeme ya mabanda ya magari imeenea sana, sheria inataka mashine za majumbani zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1993 ziwe na kinga ya kuzuia mtu asibanwe. Hata geti letu lina jicho dogo pembeni. Mtoto akikatiza, linasimama. Limefundishwa kwamba kilichopo mbele yake kisiumizwe. Halikufundishwa kuuliza ni nani.

Basi nikaishi hivyo, namulika, geti linafunguka, napita. Kibanda cha mlinzi kilikuwa kulia, nami huegesha kushoto. Kama taa yake ilikuwa ikiwaka nilipunga mkono kuelekea kwenye ule mwanga, nikaamini nimesalimia.

Usiku mmoja umeme ulikatika. Nilimulika mara moja, mara mbili, mara tano, nimesimama mbele ya geti kama mtu anayemkonyeza ukuta. Mwisho nikapiga honi. Akatoka kijana nisiyemjua, akafungua kufuli la mota na kulisukuma geti kwa mkono.

“Mzee yuko wapi?” nikamuuliza.

“Mzee alizidiwa, wakamrudisha kwao Singida. Mimi ni mtoto wa dada yake, namshikia kazi.”

“Tangu lini?”

“Leo siku ya kumi na mbili.”

Nikanyamaza. Kisha nikamuuliza kwa ukali kidogo, kana kwamba kosa ni lake, mbona kwa siku zote hizo hakunisimamisha aniulize mimi ni nani. Akanishangaa. “Ningekuuliza nini, kaka? Niliona geti linakufungukia.”

Naam. Usiku ule nililala nikilitafakari jibu la kijana yule, maana ndani yake yalikuwamo makosa mawili, na yote mawili yalikuwa yangu. La kwanza, mwizi angeichukua pikipiki yangu na ufunguo wake, geti lingemfungukia, na kijana angempungia mkono kwa adabu. La pili ndilo lililoniuma. Kwa siku kumi na mbili nililala nikiamini nalindwa na mtu ambaye hakuwapo, na mtu huyo alikuwa mgonjwa, nami sikutuma hata nauli ya dawa. Kutokujua kwangu hakukuwa bahati mbaya. Nilikuwa nimelipa fundi anitengenezee.

Lakini tuwe waadilifu kwa mashine. Rimoti ilichukua kazi moja tu, ya kusukuma chuma. Shikamoo sikunyang'anywa, niliitupa mwenyewe, kwa sababu ilikuwa imefungwa pamoja na ile kazi, nami nikadhani ni kitu kimoja. Nadhani hapo ndipo tunapokosea mara nyingi. Kifaa kikituondolea taabu, ni vema tutazame ndani ya taabu ile mlikuwa na nini kingine, kabla hatujaitupa yote. Wema mwingi wa kila siku haukai peke yake. Umepakiwa ndani ya usumbufu.

Rimoti sikuing'oa. Ingekuwa unafiki, na magoti ya mzee yasingenishukuru. Ila sasa nikishaingia nazima injini mbele ya kibanda, navua kofia ngumu, nasalimia kwa mdomo na kusubiri nijibiwe. Hunichukua chini ya dakika moja. Usiku wa mvua huwa ni dakika ndefu.

Mzee alirudi baada ya miezi miwili, amekonda, fimbo mkononi. Nilizima pikipiki, nikamwendea. “Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu,” akasema, akanishika mkono asiuachie. “Umepotea sana.”

Nilitaka kumwambia kwamba aliyesafiri ni yeye. Nikaona heri ninyamaze.