Nilimpiga Picha, Nikampiga

Picha yangu iliyopata like nyingi kuliko zote ni ya kereng'ende. Niliipiga Ondiri, kile kinamasi cha Kikuyu kinacholisha Mto Nairobi. Mabawa manne yanang'aa kama nailoni mpya, nyuma yake matete na ukungu wa asubuhi. Kwa komenti watu wameandika, "Si hii ni moto!" Hakuna anayejua kilichofuata.

Kereng'ende huanza maisha majini. Hukaa huko miezi, wengine hata miaka, akila viluwiluwi vya mbu. Siku ikifika hupanda tete, ngozi hupasuka mgongoni, naye hutoka akiwa mlaini, mabawa yamekunjamana. Lazima atulie hadi yanyooke na kukauka. Nilijua haya yote. Ndiyo maana nilifurahi kumkuta: hangeweza kutoroka.

Mwanga ulikuwa upande mbaya. Nikavuta tete kidogo tu, nikapiga. Tete likaniponyoka, naye akaanguka majini, mabawa yakagandana kama karatasi iliyolowa. Nilimtoa kwa jani nikamweka juani. Bawa moja halikunyooka tena. Kereng'ende huwinda akiruka. Asiyeruka hufa njaa.

Kijana aliyekuwa akikata nyasi ya ng'ombe kando yangu akauliza, "Umempiga?" Alimaanisha picha. Nikajibu, "Eeh, nimempiga."

Nimejitetea sana tangu siku hiyo. Ni mdudu tu, bana. Ndege angemla hata hivyo. Na marafiki wangu wawili walifika Ondiri kwa sababu ya hiyo picha. Awali hawakujua hata mahali mto wetu unapotoka. Yote ni kweli. Lakini ndege angemla kwa njaa. Mimi nilitaka mwanga mzuri, na bado najiita mpenzi wa viumbe hawa. Nadhani upendo huo ungeanzia pale ambapo ningekubali aninyime picha.

Sijaifuta. Kuifuta ningekuwa naficha ushahidi. Chini yake nimeandika kilichotokea, na wengine wameni-unfollow. Ni sawa. Siku hizi sigusi tete. Mwanga ukikataa, nakaa tu naangalia, kisha napanda matatu narudi tao bila picha hata moja. Mara ya kwanza iliniuma. Sasa inaniuma kidogo tu.