Adabu ya Ulimi na Adabu ya Macho

Ulimi wetu umejifunza adabu mpya katika miaka hii. Zamani tulisema kiwete, kiziwi na kipofu bila kufikiri, tukawapa binadamu kiambishi kile kile cha kiti na kijiko. Leo twasema mtu mwenye ulemavu, tukautanguliza utu mbele ya upungufu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yampa mtu huyo haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Na kifungu cha 28 chasema kwamba kila mtu ana utu wa asili, na ana haki utu huo uheshimiwe na kulindwa. Wako wanaoucheka uangalifu huu, wakiuita woga wa maneno. Mimi siuiti woga. Lakini nakuuliza, msomaji: ulimi umepata adabu; je, macho nayo yamepata?

Mashindano ya uimbaji yalipoingia katika televisheni zetu, kama vile Tusker Project Fame mwaka 2006, vijana wengi walijitokeza kujaribiwa. Katika vipindi vya namna hii wenye sauti nzuri huonyeshwa, na wenye sauti mbovu huonyeshwa pia: wale ili wasifiwe, hawa, mara nyingi, ili wachekwe.

Nakumbuka jioni moja hapa Kisumu, nilipokuwa katika chuo cha ualimu. Kijana mmoja alitokea katika kipindi kimoja cha aina hiyo. Hakujua kuimba, na lafudhi yake ya Kijaluo iligeuza shati kuwa sati, kama ulimi wangu ulivyofanya utotoni. Mwamuzi alimkejeli, nasi tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Hapana aliyetamka neno lililokatazwa. Ndimi zetu zilikuwa safi, na mtu alikuwa amevuliwa heshima yake mbele yetu.

Husemwa kwamba alikwenda kwa hiari yake. Ni kweli, lakini alikubali kupimwa, hakukubali kudhalilishwa. Mwanafunzi aingiapo katika chumba cha mtihani hukubali kupewa alama anayostahili, hata ikiwa sifuri. Hakubali karatasi yake isomwe katika soko la Kibuye ili wachuuzi wafurahi. Ukweli na dhihaka huweza kulingana kwa ukali, lakini hazilingani kwa nia. Ukweli humwambia mtu kosa lake apate kulisahihisha. Dhihaka huwaambia wengine kosa lake wapate kucheka.

Nayajua haya kwa kosa langu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha niliisoma insha ya mvulana mmoja, mwana wa mvuvi, mbele ya darasa zima, kosa baada ya kosa, kwa sauti ya kuigiza. Darasa lilicheka, nami nikajiona mwalimu hodari. Sikumwita jina baya hata moja. Lakini tangu siku ile mvulana yule hakuinua mkono tena katika somo langu mpaka mwaka ukaisha. Niliisahihisha insha, nikamvunja mwandishi.

Wazee wa ufuo huu wa ziwa wametuachia jukwaa la namna nyingine. Katika pakruok, msikilizaji humsimamisha mpiga nyatiti, hutoa fedha, kisha hujisifu yeye na rafiki zake na watu wa kwao. Kicheko kipo na majigambo yapo, lakini kila mmoja hujichagulia sifa atakayotajwa kwayo. Huko fedha hutolewa ili mtu ainuliwe. Katika kipindi kile fedha huchumwa kwa sababu mtu ameangushwa. Na asiyetazama hana fedha ya kumchumia mtu.

Basi usiiache adabu ya ulimi, msomaji, ila usitosheke nayo. Siku utakapoona mtu akidhihakiwa katika televisheni, nawe wataka kucheka, mweke kando yako katika kiti kile kile ulichokalia. Mtazame usoni. Kama kicheko chako chaweza kuendelea, cheka naye. Kama chakatika, inuka ukaizime, kwa maana hujafa hujaumbika.