Umeshika?

Kila Jumamosi asubuhi huwa nafundisha katika chumba cha kukodi mjini Kitale, juu ya duka la mbegu. Wanafunzi wangu ni 12, wote wamemaliza kidato cha nne na wanasubiri kuingia chuoni. Kazi yangu ni kuwazoesha kusikiliza mhadhara wa Kiingereza, kuujadili, na kuandika yaliyo muhimu.

Siku moja niliwasomea kwa dakika 10 maelezo ya kukausha mahindi kabla ya kuyaweka ghalani. Kijana mmoja alijaza kurasa 3. Nikamwuliza, "Sasa huyu mtu amesema nini?"

"Madam, nimeandika yote."

"Nimeona. Lakini amesema nini?"

Akaliangalia daftari kana kwamba ndilo lililoulizwa. Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilijiona.

Mwaka wa 2012 nilimpeleka mama kliniki. Daktari alipojua mimi ni mwalimu, akanigeukia na kuzungumza Kiingereza, tena haraka haraka. Nikaandika. Aliponiuliza kama nimeelewa, nikatikisa kichwa kukubali. Kwa Kiingereza, tofauti kati ya kumeza dawa kila siku na kumeza leo ukaruka kesho ni neno moja dogo la katikati. Neno hilo lilinipita. Mama akameza kila siku, hadi asubuhi moja akaanguka jikoni. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini pale kitandani aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Si uliandika?"

Tangu hapo najiuliza: anayetikisa kichwa bila kuelewa, je, amedanganya?

Nilijitetea kwa muda mrefu. Nilisema niliogopa, na mtu aliyeogopa hana kosa. Woga huo una historia, si unajua. Katika shule yangu ya msingi, aliyesikika akisema Kibukusu au hata Kiswahili alivishwa kipande cha mbao shingoni, tulikiita diski, na alibaki nacho mpaka amnase mwingine. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza adhabu za namna hii katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, akikumbuka shule za wakati wa ukoloni. Diski ilitufundisha kwamba kukosea Kiingereza ni aibu, na njia salama ya kutokosea ni kunyamaza na kuandika.

Lakini utetezi huo haunitoshi. Mwaka wa 2012 Katiba yetu ilikuwa na miaka 2, na kifungu chake cha 7 kinasema wazi kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ningeweza kusema, "Daktari, rudia kwa Kiswahili." Sikusema, kwa sababu nilitaka anione msomi. Heshima yangu niliilinda kwa mwili wa mama yangu. Hapo sioni namna nyingine ya kuliita jambo lile: nilidanganya.

Daktari naye ana fungu lake. Swali la "umeelewa?" linataka jibu moja tu, na swali lenye jibu moja si swali. Sisi walimu tunaliuliza kutwa nzima. "Umeshika?" Darasa zima: "Ndiyo!" Mikono imeshika kalamu, akili haijashika kitu, na sote tunaenda nyumbani tumeridhika.

Wengine huniambia kwamba kwetu kumwuliza mkubwa ni kukosa adabu. Niliamini hivyo mpaka nilipokumbuka kumuse. Kwetu Bungoma, anapofariki mzee anayeheshimiwa, siku chache baada ya mazishi huja msemaji, omuswala kumuse. Hutembea uwanjani akieleza historia ya watu, akionya, akikemea. Watu huketi kimya wakimsikiliza. Nikiwa mtoto sikuona daftari hata moja. Lakini nakumbuka jioni yake, wazee wakibishana kwa chai: alimaanisha hivi; hapana, alimaanisha vile; wewe ulisikia nini? Kimya cha asubuhi kilikuwa nusu ya kazi. Mabishano ya jioni yalikuwa nusu ya pili. Shule ilichukua kile kimya, ikatuachia nusu ya kazi.

Sisemi kalamu ni adui. Kumbukumbu huchoka, na mtihani hausubiri. Ila kuandika muhtasari ni kuamua: hili nalibeba, hili naliacha. Aliyeandika yote hajaamua lolote. Na anayesikiliza mara nyingi habebi kwa ajili yake peke yake. Nyumbani kuna mtu atakayemeza dawa, atakayekausha mahindi, kwa kutegemea alichobeba.

Kwa hiyo sasa tunafunga madaftari kwanza. Tunasikiliza. Kisha kila mmoja anamweleza jirani yake kwa lugha yoyote, Kiswahili, Kibukusu, Kisabaoti, na jirani ana ruhusa ya kubisha. Mwisho ndipo tunaandika kwa Kiingereza, mistari 5 isizidi. Na "umeshika?" nimeiacha. Nauliza, "Nyumbani utawaambiaje?"

Wiki iliyofuata niliyasoma tena yale maelezo ya mahindi. Yule kijana akainua mkono. "Madam, wanasema unyevu usizidi asilimia 13.5. Asilimia 13.5 ya nini? Na baba atajuaje, yeye hana kipimo?"

Maelezo hayo nilikuwa nimeyasoma mara nyingi. Kichwa kilianza kutikisika chenyewe, kama pale kliniki. Nikakizuia.

"Hapo hata mimi sijashika," nikasema. "Twende tukaulize hapo chini dukani."

Tukashuka ngazi wote 13, madaftari tumeyaacha juu ya meza.