Mlango Aliofungiwa Salme

Tumesoma Mathayo 18, yule mtumwa aliyesamehewa deni kisha akamkaba mwenzake. Sasa sikieni ya pwani yetu.

Malindi hii ilitawaliwa na masultani wa Zanzibar. Mwaka 1859 Barghash alitaka kumpindua kakaye, Sultani Majid. Dada yao Salme, binti mdogo tu, alijua kuandika, basi akawa karani wa uasi. Wakashindwa. Barghash akapelekwa Bombay, lakini hakuuawa. Baadaye akarudi nyumbani. Salme naye Majid akapatana naye.

Majid akafa 1870, Barghash akakalia kiti. Salme alikuwa ameshabatizwa na kuolewa na Mjerumani. 1885 akarudi, mjane na watoto wake, akitafuta ndugu na urithi. Alikuja na manowari za Wajerumani, na hilo, jamani, halikusaidia. Lakini Barghash alikataa hata kumwona. Dada aliyemwandikia barua zake! Yeye mwenyewe alikuwa hai kwa huruma ya kakaye.

Mimi nimezika wazee hapa Kilifi, watoto wamesimama pande mbili za kaburi kwa ajili ya minazi. Wengine wanamwita baba mkubwa mchawi, kumbe wanataka shamba. Na Jumapili tunainua mikono pamoja. Haleluya? Mbona mmenyamaza?

Jumatano baada ya maombi nitabaki ofisini. Njoo, lakini usije peke yako. Njoo na huyo ndugu yako.