Muulize Kwanza Alisoma Wapi

Mwanangu, najua una haraka. Umepata nafasi ya mafunzo katika kliniki ya kumbukumbu huko Texas, Kihispania chako kimeanza kukubali, na mikono inakuwasha ufungue vipimo vya neurosaikolojia siku ya kwanza. Ngoja kidogo. Kabla hujamwekea mzee wa watu karatasi mbele yake, muulize alizaliwa wapi, alisoma miaka mingapi, aliacha shule kwa nini, na anapohesabu fedha zake kimoyomoyo anahesabu kwa lugha gani. Nusu ya kazi yako iko humo.

Sensa ya Marekani ya 2020 iliwahesabu Walatino milioni 62.1. Humo yumo mwalimu mstaafu wa Bogotá. Yumo kijana wa San Antonio ambaye Kihispania hukisikia kwa bibi yake tu. Wamo pia wavunaji wa stroberi wa Oxnard, California, ambao lugha ya mama kwao ni Kimiksteki. Ukimpima huyo mvunaji kwa Kihispania utadhani umemtendea haki, kumbe bado.

Chukua kipimo cha kurudia tarakimu. Tarakimu nyingi za Kihispania zina silabi mbili, na zetu za Kiswahili, moja hadi tisa, zote ni hivyo hivyo. Za Kiingereza nyingi zina silabi moja. Maneno marefu hujaza kichwa upesi, kwa hiyo msemaji wa Kihispania hushika tarakimu chache kidogo, na ubongo wake ni mzima kabisa. Hali ni hiyo hiyo ukimwambia ataje wanyama kwa dakika moja. Ukimlinganisha na msemaji wa Kiingereza, umemwonea.

Halafu kuna shule. Kuchora mchemraba, kushika penseli, kujibu maswali ya mgeni mbio mbio ndani ya chumba kilichofungwa: hayo yote hufundishwa darasani. Ndiyo maana nawaheshimu sana Feggy Ostrosky, Alfredo Ardila na Mónica Rosselli. Kipimo chao cha NEUROPSI, kilichotengenezwa Mexico, kina viwango vya kulinganishia hata kwa mtu ambaye hakukanyaga shule maishani. Mzee asiyesoma hulinganishwa na wazee wasiosoma wenzake. Ni jambo dogo, lakini limeokoa wengi wasiitwe wagonjwa.

Usidhani haya ni ya vitabuni tu. Huko California, watoto 9 wenye asili ya Mexico walipimwa akili kwa Kiingereza, wakapelekwa kwenye madarasa ya wenye akili pungufu. Walipopimwa tena kwa Kihispania, alama zao zilipanda. Kesi yao, Diana dhidi ya Bodi ya Elimu ya jimbo, ilimalizika kwa makubaliano mwaka 1970, na jimbo likakubali kuwapima watoto kwa lugha yao. Kila ninapoikumbuka huwafikiria wale ambao wazazi wao hawakuweza kufika mahakamani.

Nami nikuambie langu, maana usiporithi kosa langu nitashukuru. Siku moja mkalimani hakufika, nami nikamtumia mjukuu wa mgonjwa, msichana mdogo. Nilimuuliza babu kama hupotea njia, kama hujikojolea. Majibu yote yalikuwa hapana. Ningejuaje? Babu gani atakiri hayo kwa mdomo wa mjukuu wake? Babu aliporudi, mkalimani wa kazi hiyo akiwapo, tukaanza upya polepole, kwa salamu na habari za nyumbani, yakatoka yote. Miezi ya matibabu ilikuwa imepotea. Mwanangu, mtoto asikalimani. Hata kama foleni imefika nje.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo vijana wema huteleza. Ukishajifunza haya yote, utatamani kusamehe kila alama ya chini. Utasema ni lugha, ni shule, ni ugeni. Usifanye hivyo. Wazee wa Kilatino nchini Marekani hupatwa na ugonjwa wa Alzheimer na magonjwa mengine ya kusahau karibu mara moja na nusu kuliko wazee Wazungu. Ukimrudisha mama nyumbani na maneno matamu huku ugonjwa unamla, umemdhulumu kama yule aliyempachika ugonjwa asio nao. Muulize binti yake: mwaka jana mama alikuwa akipika tamales peke yake? Na mwaka huu? Mabadiliko yake mwenyewe ndiyo yatakayokupa jibu.

Na katika ripoti andika wazi: lugha uliyotumia, nani alikalimani, viwango gani ulilinganisha navyo, na nini hukuweza kukijua. Kihispania chako kikiwa hakitoshi, mpeleke mgonjwa kwa mwenzako anayekimudu, siku hiyo hiyo, bila kuona haya.