Kufuta na Kusamehe: Kanzidata, Isale na Kumbukumbu ya Kosa

Katika ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro, ambao chama chake kikuu, KNCU, kiliundwa mwaka 1933, haki ya mkulima ilitegemea daftari lililoonyesha jina lake, tarehe na kilo alizopeleka mizanini. Kadiri daftari hilo linavyohamia kwenye kanzidata, yaani mkusanyo wa taarifa uliopangwa katika majedwali ndani ya kompyuta, swali la zamani la maadili huhama nalo: je, kosa likifutwa, limekwisha?

Kwa upande wa mashine, mara nyingi jibu ni hapana. Katika mifumo mingi mstari uliofutwa hauondoki papo hapo, bali nafasi yake huhesabiwa kuwa wazi mpaka iandikwe data nyingine. Aidha, badiliko huandikwa kwanza katika kumbukumbu ya miamala, yaani orodha ya matendo kwa mfuatano wake. Kwa kuwa mabaki hayo huharibika kwa urahisi, mchunguzi wa ushahidi wa kidijitali hufanya kazi juu ya nakala, ambayo ulinganifu wake na chanzo huthibitishwa kwa hesi, namba inayokokotolewa kutokana na data yote na inayobadilika hata herufi moja ikiguswa.

Hata hivyo, kumbukumbu hiyo hutaja akaunti iliyotumika, si mkono uliobonyeza, wala haisemi kama aliyebonyeza alighafilika au alidhamiria. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 hakiruhusu ushahidi ukataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki, lakini kinataka uzito wake upimwe kwa kuangalia jinsi data ilivyotunzwa na jinsi aliyeianzisha alivyotambuliwa. Mafundisho ya Kiislamu nayo hutenganisha tendo na nia, kwani malaika Kiraman Katibin huandika tendo, ilhali thamani ya tendo hufuata nia. Na toba ya aliyedhulumu watu haikamiliki mpaka haki irudi kwa mwenyewe, sharti ambalo Kanisa Katoliki pia hulifundisha.

Sharti hilo ndilo linalotenganisha kufuta na kusamehe. Karani anayefuta mstari kwa siri hujipa msamaha ambao ulikuwa mikononi mwa aliyepunjwa. Wachagga waliliweka jambo hili katika mmea mmoja: isale hupandwa kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la familia, ili kila mmoja ajue haki yake inakoishia, na isale hilohilo hupelekwa kwa aliyekosewa na mtu anayeomba radhi. Anayelipeleka hakani kwamba mpaka ulivukwa; analikiri hilo mbele ya yule mwenye uwezo wa kusamehe.

Uhasibu safi hufuata mantiki hiyohiyo, kwa kuwa ingizo lenye kosa haling'olewi, bali huandikiwa jingine la kulisahihisha, yote mawili yakabaki yakisomeka. Kwa hiyo mchunguzi anayefufua mstari uliofutwa hamfungii mkosaji mlango wa msamaha. Humrudishia mkulima nafasi ya kuombwa radhi.